Dorkasi wa Themanini na Saba

Benchi letu liko Magwagwa, mbele ya duka la Onsongo anayetengeneza baiskeli. Mguu mmoja wa benchi ni mfupi, kwa hiyo anayekaa mwisho wa kushoto hunywa kahawa ameinama kama anayepokea baraka. Mwenye birika ni mimi, Kemuma. Nilimzika mume wangu na haya zangu siku moja, ndiyo maana nasikia kila kitu na siogopi kukirudia. Mambo haya yalikuwa mwaka wa sitini na saba, Jumanne, saa ambayo jua linaanza kuchoka. Onsongo alikuwepo, tunamwita Redio, kwa sababu ana redio, na betri zikifa anaendelea na habari yeye mwenyewe. Nyamweya alikuwepo, huyo ni Bama, Mwingereza alimpeleka vitani Bama, nchi ya mbali ng'ambo ya bahari, na mpaka leo hajarudi vizuri. Na Ratemo, mzee wa kanisa, tunamwita Sabato. Kanisa lake halinywi kahawa. Yeye nammiminia maji ya moto kutoka birika lile lile, na akinywa hufumba macho, asije akaona rangi yake.

Akaja Ombati fundi cherehani, sanduku la bati kichwani. Akalishusha, akalipakata magotini kama mtoto mgonjwa. Kikombe nilichompa hakukigusa.

Bama: Fundi, umefiwa?

Ombati: Heri ningefiwa. Kilio kina siku zake, kinaisha.

Redio: Kwani meli si ni kesho? Wewe si ni wa kwenda Bukoba?

Ombati: Ndiyo meli yenyewe hiyo.

Alieleza akizunguka kama kuku anayetafuta pa kutaga, kwa hiyo nitawafupishia. Dada yake, Nyaboke, ni muuguzi huko Bukoba, ng'ambo ya ziwa. Jumapili anaolewa na mwalimu wa huko. Baba yao alishakufa, wa kumshika mkono kumwingiza kanisani ni Ombati peke yake. Tena gauni la arusi amelishona Ombati kwa mikono yake, miezi minne, na ndilo lililokuwa ndani ya sanduku. Nyaboke ameandika barua: kaka, usipofika, siingii kanisani, nitakaa mlangoni mpaka watu watawanyike. Na huyo msichana tunamjua. Akisema atakaa, atakaa.

Sasa meli ikawa imejaa. Ile ya kuzunguka ziwa, inatoka Kisumu, inapita Musoma na Mwanza halafu Bukoba. Juu kabisa imechukuliwa na wazungu arobaini wa chama cha kutazama ndege. Katikati, mashabiki wa mpira mia moja na ngoma zao, wanaenda Mwanza kwa mechi. Chini ni akina mama wa Dorkasi, chama cha wanawake wa kanisa, kutoka kila kanisa la huku kwetu, wanaenda Mwanza kwa makambi, ile mikutano ya ibada. Nafasi moja tu ilibaki, kwa sababu Dorkasi mmoja wa Nyacheki amejifungua mapacha. Jethro, karani wa kanisa, kwa huruma zake, akamwandika Ombati hapo.

Bama: Kwa hiyo wewe ni Dorkasi.

Ombati: Wa themanini na saba.

Bama: Hongera, mama.

Tulicheka, Redio akamwaga kahawa yake. Ombati hakucheka. Akatoa karatasi mfukoni.

Ombati: Soma jina la kiongozi. Mimi siwezi kulitamka.

Redio akasoma. Kicheko kikakatika. Kiongozi wa safari, atakayeita majina asubuhi na jioni, ni Nyanchera wa Gesima. Mama mkwe wake.

Kwetu mkwe na mama mkwe huheshimiana mpaka mgeni atafikiri wamegombana. Hawali pamoja, hawalali chini ya paa moja, hawatajani majina. Heshima hiyo tunaiita chinsoni. Ukiivunja, mbuzi atachinjwa, na jina lako litapikwa pamoja naye, kila boma lionje.

Sabato: Lakini huyo mama si alisema haendi? Maji makubwa aliyowahi kuvuka ni mto.

Ombati: Alisema. Halafu kiongozi wa kwanza akaugua, wakamchagua yeye. Mzee wangu, huko chini hakuna vyumba. Ni sakafu moja, mikeka imetandikwa mmoja mmoja. Usiku mbili! Nitalala sakafu moja na mama wa mke wangu usiku mbili?

Mimi: Ungoje meli ya wiki ijayo.

Ombati: Mama Kemuma, na arusi nayo ingoje?

Hapo kila mtu akavuta kikombe karibu. Benchi letu likipata shida ya mtu mwingine, hunenepa.

Redio: Hii ni ndogo. Meli ina mbele na nyuma. Yeye akae mbele, wewe ukae nyuma.

Bama: Wewe umepanda meli gani? Mimi nimekaa juu ya maji siku ishirini na moja, askari elfu mbili. Wale Waswahili wa Mombasa walitufundisha: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Tezi ni nyuma, omo ni mbele, ngamani ni tumboni. Maana yake, hata ukimbie mbele, hata ukimbie nyuma, wote mtakutana tumboni kwenye chakula.

Sabato: Methali hiyo haina maana hiyo.

Bama: Ulikuwepo?

Redio: Basi apande kwa mashabiki. Ngoma inapigwa, nani atamwona?

Ombati: Mimi mpira siujui. Wataniuliza nani ni golikipa wao.

Redio: Utasema yule mrefu. Magolikipa wote ni warefu.

Sabato: Na pombe? Mama Nyanchera asikie mkwe wake alionekana katikati ya walevi? Hiyo si mbuzi mmoja tena, hiyo ni zizi.

Akapeleka kikombe mdomoni, macho yakafumba.

Bama: Sikiliza mwanajeshi. Panda juu kwa wazungu wa ndege. Nunua kofia ya majani, shika daftari. Mzungu akisema tazama kule, unatazama kule, unaandika. Mwafrika mwenye daftari hakuna anayemwuliza kitu.

Ombati: Wana darubini, Bama.

Bama: Za ndege.

Ombati: Darubini haichagui! Mzungu atamwazimisha Dorkasi mmoja mwenye urafiki, Dorkasi atamwazimisha mwingine, mara naona jicho la mama mkwe kubwa kama sahani liko puani pangu!

Hilo lilitutia hofu sisi wote. Kila mtu akaliona hilo jicho.

Redio: Nimepata. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Alale mvunguni.

Sabato: Mvungu wa nini, na umeambiwa hakuna vitanda?

Redio: Basi gunia. Tunamtia kwenye gunia la kahawa, tunaandika Bukoba, anapanda kama mzigo. Tunamtobolea tundu la kupumulia.

Bama: Kahawa kupelekwa Bukoba? Bukoba wanalima kahawa! Ni kama kupeleka ndizi Gesima. Watalifungua wajue ni nani huyu mwendawazimu.

Mimi nilikuwa nimenyamaza vya kutosha, na kunyamaza kunaniumiza mbavu.

Mimi: Ombati, wewe ni fundi. Vaa gauni la arusi na lile shela lake. Nani atamtazama bibi arusi usoni? Anaruhusiwa kulia, anaruhusiwa kutosema na mtu.

Ombati: Na ndevu?

Mimi: Kwani bibi arusi hana haki ya kuwa na huzuni?

Redio alipiga benchi mpaka upande mfupi ukaangusha sukari. Sabato akakohoa maji yake ya moto. Lakini Ombati alikaza mikono juu ya sanduku, na niliona kidole chake cha gumba, kile chenye alama za sindano, kinasugua kufuli. Nikaona haya kidogo. Hazikudumu.

Redio: Iko njia moja ya mwisho, ya kisheria. Mama mkwe anatoka wapi? Anatoka kwa mke. Huna mke, huna mama mkwe. Leo mwache mkeo Gesare. Ng'ombe wa mahari warudi hapa leo hii. Kesho unapanda meli ukiwa kijana asiyeoa. Mama Nyanchera ni mama yeyote tu, unaweza hata kumbebea mzigo. Ukirudi, unaoa tena.

Bama: Akili hiyo.

Sabato: Hiyo ni dhambi! Na wale ng'ombe watarudi wote? Yule mweusi alishazaa mara moja. Ndama ni wa nani?

Redio: Ndama ni wa yule anayesafiri.

Bama: Hapana, ndama anafuata mama.

Sabato: Na Ombati je, akimwoa tena, Nyanchera ataongeza ng'ombe. Ameshaifahamu tabia yake: ni mtu wa kuacha mke kwa sababu ya meli.

Wakaanza kugombania ndama. Mchumba wa Nyaboke, gauni, ziwa, vyote vikasahaulika. Robo saa nzima walimgawa yule ndama, huyu mguu wa mbele, yule wa nyuma. Ombati alikuwa katikati, anageuza kichwa huku na huku.

Ombati: Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nitapanda tu, liwalo na liwe.

Sabato: Fundi, hapo tafadhali usivue chochote.

Ndipo lori la majani chai lilipopita kutoka upande wa Gesima, likasimama, akashuka mtu nyuma, vumbi mpaka kwenye nyusi. Ni Gesare, mke wa Ombati, binti wa Nyanchera mwenyewe. Kumbe tangu asubuhi, mumewe akidhani yuko shambani, alikuwa amekwenda kwa mama yake. Redio aliacha mguu wa ndama ukaanguka.

Gesare: Hamjambo, wazee. Mama Kemuma, nipe maji, si yale ya Mzee Ratemo, maji kweli.

Nikampa. Alikunywa yote, akapangusa mdomo, akamgeukia mumewe.

Gesare: Baba Moraa, nimemwambia Mama kila kitu.

Ombati: Amelia?

Gesare: Amecheka. Halafu ameomba, halafu amecheka tena. Amesema orodha yake haina wakwe, ina Dorkasi. Majina hataita, ataita namba. Yeye ni wa kwanza, wewe ni wa themanini na saba, na watu watalala kwa mstari wa namba. Kati yenu kuna wanawake themanini na watano. Amesema kama kuna nyumba Gesima yenye ukuta mnene hivyo, aonyeshwe.

Bama alihesabu kwa vidole, vikamwishia, akaendelea na vifungo vya koti.

Sabato: Na chakula?

Gesare: Namba moja anakula kwanza. Mpaka chakula kifike themanini na saba, Mama ameshalala.

Sabato: Na huyo wa themanini na sita, ubavuni pake, ni nani?

Gesare: Ni bibi wa Nyacheki, ana miaka sabini na tisa, na anakoroma. Nimemchagua mwenyewe.

Ombati alishusha pumzi ndefu mno, nikadhani sanduku litaruka. Akachukua kikombe kilichopoa, akakinywa kwa mkupuo mmoja. Redio naye akaanza kueleza kwamba ndivyo alivyokuwa anataka kusema tangu mwanzo.

Gesare: Bado kuna jambo moja. Mama amesikia wale mashabiki wana ngoma. Amesema Dorkasi hawatapigiwa ngoma kichwani kutoka Kisumu mpaka Mwanza wakakaa kama mizigo. Watajibu kwa nyimbo, zamu kwa zamu, usiku na mchana. Na kwenye orodha yake hakuna atakayefunga mdomo, namba moja mpaka namba ya mwisho. Leo jioni anapanga sauti. Lori linarudi sasa hivi, dereva amekubali kumpelekea jibu. Anauliza hivi tu: huyu wa themanini na saba anaimba sauti ya ngapi?

Macho yote yakaenda kwa Ombati.

Mnapaswa kujua kwamba Ombati aliwahi kuimba mara moja mbele za watu, kwenye mazishi ya jirani, na wafiwa waliacha kulia wakatoka nje kuangalia ni nini tena kimetokea.

Redio: Ya pili?

Bama: Ya nne. Ya nne ni ya chini, haisikiki.

Sabato: Mimi nilikuwa kwenye yale mazishi. Haikuwa ya nne. Haikuwa na namba.

Dereva akapiga honi.

Ombati akaliweka sanduku juu ya benchi, polepole, kwa sababu ya gauni. Akasimama. Akafunga kifungo cha shati cha juu, akaweka mkono kifuani kama walivyofundishwa shuleni, akatazama mbali, upande ambao nadhani ndiko Bukoba iliko. Akafungua mdomo.

Nimeishi miaka mingi na sijui niwaambie ilikuwa sauti gani. Ilianza juu, ikashuka, ikajikwaa mahali, ikapanda tena kwa njia nyingine. Mbuzi wa mwenye bucha alikata kamba. Sabato alifumbua macho akiwa na kikombe mdomoni, akaona rangi. Dereva wa lori akatoa kichwa dirishani, akazima injini ili asikie vizuri kama ni gari lake.

Ombati alipomaliza alitutazama mmoja mmoja.

Ombati: Haya. Semeni. Ni ya ngapi?

Redio akatazama baiskeli. Bama akatazama upande wa Bama. Mimi, ambaye sijawahi kukosa neno, nilitazama ndani ya birika kana kwamba jibu limeganda chini.

Gesare akatungoja. Kisha akajifunga leso upya kiunoni, akaelekea kwa dereva.

Gesare: Nitamwambia amfikishie Mama kwamba bado mnashauriana.