Bawabu Amefunga Mdomo

FUNDI: Haloo? Ni nani? Haloo?

KIPANGA: Tahadhari! Tahadhari kwa mara ya pili! Hii ni simu rasmi kutoka Ofisi Kuu ya Ukaguzi wa Samaki wa Maji ya Chumvi Wanaofugwa Sebuleni, Idara ya Mashimo na Makazi. Naomba kuzungumza na mtunzaji anayekaimu.

FUNDI: Anayekaimu nini?

KIPANGA: Nafasi. Mtunzaji halisi yuko masomoni. Jibu kwa ufupi, ndugu mwananchi, maana kila neno lako linaandikwa na—

[Kengele inalia. Kwa mbali mtu anafoka: "Nani hajaosha sahani yake?"]

FUNDI: Ofisi yenu ina kengele ya kuosha sahani?

KIPANGA: Ni ofisi safi.

FUNDI: Shemeji, hata salamu hakuna?

KIPANGA: Shikamoo, shemeji.

FUNDI: Marahaba. Simu ya nani hii?

KIPANGA: Ya matroni. Nimemwambia nyumbani kuna mgonjwa, amenipa dakika kumi.

FUNDI: Mgonjwa gani tena?

KIPANGA: Wewe.

FUNDI: Naumwa nini?

KIPANGA: Mgongo. Kwa sababu ya kuinamia makochi ya watu.

FUNDI: Hapo hujadanganya sana. Haya, endelea, mheshimiwa.

KIPANGA: Dada yupo?

FUNDI: Hajarudi. Leo zamu yake inaisha saa nane, atakuwa njiani. Unataka akupigie?

KIPANGA: Hapana, hapana. Ofisi inakutaka wewe. Swali la kwanza: Bawabu hajambo?

FUNDI: Hapo ndipo penyewe... ngoja nisogee kwenye tangi, hapa jikoni mtandao— [mkwaruzo] —nasikika?

KIPANGA: Nakusikia. Yuko mlangoni kwake?

FUNDI: Yuko. Kichwa nje, mwili wote shimoni, macho yamemtoka. Kila nikipita ananiangalia kama nimekuja kuiba.

KIPANGA: Ndiye huyo. Samaki taya wa kweli haamini mtu. Na yule mgeni wako?

FUNDI: Jike? Mwezi wa nne huu tangu nimnunue, bado ni mgeni?

KIPANGA: Mimi nilimwacha na shimo lake, kule pembeni nyuma ya jiwe. Kila akisogea, Bawabu anajaza mchanga mdomoni, halafu puu! Usoni. Nilifurahi sana. Yaani, nilisikitika.

FUNDI: Hayo yamekwisha. Siku hizi wanakaa shimo moja.

KIPANGA: Shimo la nani?

FUNDI: La Bawabu.

KIPANGA: Lile tulilomtengenezea mimi na dada? Maganda ya chaza nilivunja mwenyewe kwa nyundo, moja moja, nikajikata kidole hiki hapa—

FUNDI: Hilohilo. Wamelipanua. Bawabu anachimba, jike anapokea kokoto, anazipanga ukutani. Ungewaona! Halafu taa ya tangi ikizimwa wanavuta ganda kubwa, wanaziba mlango.

KIPANGA: Wote wawili wakiwa ndani?

FUNDI: Ulitaka mmoja alale nje? Na hujasikia bado. Wiki iliyopita Bawabu alikuwa anatoka shimoni mzima mzima, anaelea mbele ya jike, mwili ameupinda, mapezi ameyatandaza yote, kinywa wazi. Anatetemeka hivi. Anacheza, shemeji!

KIPANGA: Bawabu hachezi.

FUNDI: Nakwambia nimeona kwa macho yangu.

KIPANGA: Nimemfuga mwaka mzima peke yake. Hakucheza hata siku moja.

FUNDI: Sasa angemchezea nani? Wewe?

KIPANGA: Swali hilo halimo kwenye fomu. Tuendelee. Ule Mwongozo niliokuachia unaufuata?

FUNDI: Kanuni zote tisa. Uko ukutani, dada yako ameutia fremu.

KIPANGA: Ametia nini?

FUNDI: Fremu ya mbao, nimeitengeneza mwenyewe kwa vipande vya kochi. Aliposoma pale juu, "Kwa shemeji yangu mpendwa, nakukabidhi samaki wetu," machozi yakamtoka. Maana siku ya harusi ulikaa nyuma ya spika tangu mwanzo mpaka mwisho, hata picha ulikataa. Akasema, "Tazama, mdogo wangu amekukubali."

KIPANGA: Nilikuwa napenda muziki.

FUNDI: Nami kanuni zake nazitimiza. Ya kwanza, kila asubuhi nivue kofia niwasalimie kwa heshima. Navua. Ya tatu, wakati wa chakula niwaimbie, kwa sababu samaki taya hawali bila wimbo. Naimba.

KIPANGA: [kicheko kinamponyoka] Unaimba? Kweli? Kila siku?

FUNDI: Mara mbili kwa siku. Na sauti yangu unaijua.

KIPANGA: [anacheka] Naijua! Kama kochi linalovutwa sakafuni! Na dada anasemaje?

FUNDI: Mwanzoni alidhani nimechanganyikiwa. Sasa akirudi anakaa pale kwenye stuli, viatu vya kazini hata hajavua, anacheka mpaka anashika mbavu. Siku hizi anaitikia.

KIPANGA: [kicheko kinakatika] Anaitikia nani?

FUNDI: Mimi. Sauti ya pili. Juzi tuliimba mpaka kamba wao wa baharini, walioganda barafu, wakaniyeyukia kiganjani.

KIPANGA: Dada haimbi.

FUNDI: Anaimba, shemeji. Tena vizuri.

KIPANGA: Lakini mimi ndiye niliyeiandika hiyo kanuni! Mimi!

FUNDI: Ndiyo maana tunakushukuru.

KIPANGA: Mlitakiwa—

FUNDI: Tulitakiwa nini?

KIPANGA: Basi. Hakuna kitu. [mkwaruzo] Hiyo stuli ilikuwa yangu, lakini basi.

FUNDI: Sasa sikiliza, kabla matroni hajaja. Shida iko kwenye kanuni ya tisa. Bawabu hali.

KIPANGA: Hali?

FUNDI: Leo siku ya tatu. Nampitishia kamba puani, anamtazama tu. Jike anakula sehemu zote mbili. Bawabu amefunga mdomo, kidevu kimevimba kama mtu aliyeficha ndimu. Nikaenda ukutani nikasoma: "Dume akikataa chakula siku mbili na kidevu kikavimba, huo ni ugonjwa wa taya. Mtoe kwa wavu upesi, umtie kwenye ndoo ya peke yake, la sivyo atamwambukiza mwenzake."

[Kimya.]

FUNDI: Haloo? Mheshimiwa?

KIPANGA: Nipo.

FUNDI: Basi nimefungua kifuniko cha tangi. Ndoo hii hapa, maji nimeyapima, chumvi iko sawa. Wavu mkononi. Nilikuwa nasita, bahati umepiga. Nimtoe?

KIPANGA: Dada umesema anafika saa ngapi?

FUNDI: Dakika yoyote. Nataka akute nimemaliza.

KIPANGA: Akukute na wavu mkononi.

FUNDI: Na Bawabu ndooni, salama. Nimtoe au nisimtoe? Wewe ndiye mtaalamu.

[Mkwaruzo mrefu. Sahani zinagongana kwa mbali.]

KIPANGA: Kifuniko... kirudishe kwanza. Hao wakishtuka wanaruka. Anaweza kuangukia sakafuni.

FUNDI: Mbona hilo hukuliandika?

KIPANGA: Karatasi ilijaa.

FUNDI: Ilijaa, lakini kofia ikapata nafasi! Haya, nauingiza wavu. Ameniona... amezama. Nautega hapa mlangoni kwake. Akichungulia tu—

KIPANGA: Shemeji, ngoja kidogo.

FUNDI: Shh. Kichwa hicho. Moja...

KIPANGA: Shemeji.

FUNDI: Mbili...

KIPANGA: Toa wavu! Toa! Toa! Haumwi! Ni mayai!

FUNDI: Mayai?

KIPANGA: Mdomoni! Dume ndiye anayelea. Jike akitaga, dume anayabeba yote mdomoni, wiki nzima, hali kitu. Anayatema kidogo yapate maji mapya, anayarudisha. Ukimtoa atayatapika yote, au atayameza. Shemeji, umetoa wavu? Niambie umetoa!

FUNDI: Hayo umeyajua lini?

KIPANGA: Sasa hivi. Kwenye kitabu.

FUNDI: Unasoma kitabu cha samaki huku umeshika simu ya matroni?

KIPANGA: Jana, basi.

FUNDI: Shemeji.

KIPANGA: Muhula uliopita. [sauti inashuka] Kabla sijaandika Mwongozo.

FUNDI: Haya. Sasa tunaongea.

KIPANGA: Umetoa wavu?

FUNDI: Sina wavu.

KIPANGA: Nini?

FUNDI: Mkononi nina kikombe cha chai. Kifuniko kiko juu ya tangi na nimekiwekea jiwe.

KIPANGA: Lakini ulikuwa unahesabu! Moja, mbili!

FUNDI: Nilikuwa nakuhesabia wewe.

KIPANGA: Huo ni uonevu, shemeji. Huo ni mtego.

FUNDI: Nimejifunza kwenye fremu. Wewe unasahau kazi yangu. Nikivisha makochi kitambaa nashika misumari mdomoni, imejaa tele, naitoa mmoja mmoja kwa ulimi. Hapo sili, sinywi, hata mtu akinisalimu namwitikia kwa nyusi. Juzi nikamwona Bawabu anatema kitu kama kishada cha punje, akakigeuza, akakirudisha haraka huku anaangalia pembeni. Nikasema huyu haumwi, huyu yuko kazini.

KIPANGA: Ukajua mwenyewe?

FUNDI: Nikampigia muuza samaki kuuliza. Akasema ni mayai. Nikamsomea kanuni ya tisa, akauliza ni adui gani kaiandika.

KIPANGA: Ukamwambia nini?

FUNDI: Nikamwambia nimeiokota barabarani.

KIPANGA: Hukunitaja?

FUNDI: Nikutaje ili iwe nini? Nilikuwa nangoja upige. Nilijua lazima utapiga, maana mtu akitega kitu hakai mbali. Nikataka kusikia kama utaniacha nimtoe.

KIPANGA: Sikukuacha.

FUNDI: Hukuniacha. Ila ulikaa kimya mpaka nikadhani salio limekwisha. Ulikuwa unawaza nini pale?

KIPANGA: Dada.

FUNDI: Dada vipi?

KIPANGA: Nilikuwa namwona anaingia. Anakuta ndoo, anakuta mayai yametapakaa mchangani, na wewe umesimama na wavu wako. Anakuangalia tu, hasemi kitu. Halafu anachukua simu ananipigia mimi. Ananiuliza, "Sasa tufanyeje?" Kama alivyokuwa ananiuliza.

FUNDI: Zamani.

KIPANGA: Si zamani sana! Tulikuwa wawili tu kwenye hiyo nyumba, shemeji. Yeye akitoka kazini, mimi ndiye nilikuwa namngoja hapo kwenye tangi. Tunahesabu kokoto za Bawabu. Sasa nikipiga simu ananiambia, "Fundi amesema hivi, Fundi amefanya vile, Fundi kaleta jike." Nani alimwomba jike? Bawabu alikuwa analia?

FUNDI: [anavuta pumzi] Shemeji—

KIPANGA: Na mpaka uchokozi wangu mmeuchukua mkaufanya kwaya!

FUNDI: [anacheka, anajizuia] Samahani. Sikucheki.

KIPANGA: Cheka tu. Matroni ananitazama kwenye kioo cha mlango, ananionyesha saa.

FUNDI: Ngoja... funguo hizo. Dada yako amefika.

KIPANGA: Usimwambie! Shemeji, tafadhali, usimwambie!

FUNDI: Mimi sisemi. Fremu itabaki ukutani na kofia nitavua. Ila ujue, kila mgeni akija, dada yako anamsomea. Akifika kwenye ya tisa anasimama, anasema, "Mnaona mdogo wangu anavyojali?" Mimi hapo huwa naangalia vidole vya miguu yangu.

[Mlango unafunguliwa upande wa Fundi.]

FUNDI: Anauliza ni nani.

KIPANGA: Mwambie... Shemeji, wewe ungefanyaje?

FUNDI: Mimi sikuandika kitu.

KIPANGA: Mpe simu.

FUNDI: Una hakika?

KIPANGA: Mpe kabla sijabadilisha mawazo!

DADA: Haloo? Wewe! Mbona hujapiga wiki nzima? Umekula? Fundi ameambiwa Bawabu ana mayai, amekwambia? Mayai, mdomoni!

KIPANGA: Shikamoo, dada. Najua.

DADA: Marahaba. Unajua? Hata mimi nimeambiwa jana tu, nikajua ya tisa ulikosea kwa kutojua.

KIPANGA: Najua tangu muhula uliopita. Dada, ile karatasi yangu iliyo ukutani, itoe.

DADA: Niitoe kwa nini? Nimeipenda.

KIPANGA: Kanuni ya kwanza mpaka ya nane ni utani. Ya tisa si utani. Nilijua ni mayai, nikaandika ni ugonjwa ili Fundi ayaharibu, wewe umkute.

DADA: Unasema nini? [mkwaruzo] Unasema nini wewe?

KIPANGA: Nilitaka umwone hafai. Yeye alishagundua, akanyamaza, hakukwambia. Nilikuwa na wivu, dada. Bado ninao, hata sasa hivi ninao. Unanisikia? Haloo? Dada?

DADA: Nakusikia.

KIPANGA: Umekasirika?

DADA: Sana. Usikate simu.

KIPANGA: Si mimi, dada, ni salio la matroni, lina—

[Simu inakatika.]