Jumamosi Tunakumaliza: Historia ya Ndugu Yetu Kimya

Ndugu waombolezaji, majirani, wafanyakazi wenzake, pamoja na ninyi wanne mlioketi viti vya nyuma ambao familia imewafahamu juzi tu, historia hii inasomwa na kaka mkubwa wa marehemu, mkaguzi wa tiketi za treni, mtu aliyezoea kumtazama abiria usoni kabla ya kuitazama tiketi yake, na mkiona anainua macho kila mara kuelekea huko nyuma, mvumilieni, ndivyo kazi ilivyomlea.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1979, akiwa mtoto wa mwisho kwa wazazi wetu, alitoka tumboni bila kulia hata mkunga akaingiwa na hofu, na kwa sababu hiyo akaitwa Kimya, jina lililomkaa kuliko lile la kwenye cheti. Alianza shule ya msingi mwaka 1986 na kumaliza sekondari mwaka 1996, ambako aliandika insha nzuri mno, akachapwa kwa ajili hiyo, maana mwalimu hakuamini kwamba ni zake. Baada ya chuo cha ufundi aliajiriwa mwaka 1999 kuwa fundi wa lifti, kazi aliyoifanya mpaka mwisho, akining'inia ndani ya mashimo ya majengo marefu, akikagua nyaya na breki, na hakuna lifti ya mkono wake iliyowahi kuanguka na mtu.

Tarehe 9 Desemba 2006 alifunga ndoa na shemeji yetu, mshonaji wa mapazia, mama ambaye ulimi wake hauna breki, hivyo nyumba ikapata msemaji mmoja na msikilizaji mmoja, wakaelewana vizuri, wakajaliwa binti mwaka 2008 na mvulana mwaka 2012.

Sasa tumefika penye ugumu. Miaka sita iliyopita marehemu alianza kushinda na simu kila jioni, akiandika, akitabasamu peke yake, na shemeji akisogea anailaza simu kifudifudi mezani, na mtu mzima akilaza simu namna hiyo sote hapa tunajua kinachofikiriwa. Kaka yake alimwuliza waziwazi kama ana nyumba ndogo, marehemu akajibu kwamba anaokoa watu tu, jibu ambalo halikumsaidia hata kidogo.

Mwezi Mei mwaka huu alianza kuchoka akipanda ngazi, akatuambia ni gesi, na asubuhi ya Jumapili tarehe 17 Agosti 2025 alifariki dunia akiwa kitini sebuleni, kabla ya chai. Tulipokuwa tunatafuta namba za kuwajulisha watu, kaka yake aliukuta ujumbe wa siku chache nyuma: "Jumamosi tunakumaliza. Umekubali mwenyewe, usije ukatulaumu." Akaipiga namba ile, akasema ndugu yangu amekufa, na sauti nzito ya kiume ikamjibu bila wasiwasi wowote, "Tunajua, si tumemuua jana? Mbona alitaka mwenyewe!"

Polisi walikuwa karibu kuitwa pale yule bwana alipotambua kwamba anaongea na mfiwa halisi, akaanza kulia kwenye simu, na kesho yake wakaja wote wanne, wakazuiwa getini, wakahojiwa kama wasafiri wasio na tiketi. Walieleza kwamba wao na marehemu hutunga pamoja hadithi za mashujaa wenye nguvu za ajabu, kila mmoja na shujaa wake, kisa kikipita mkono kwa mkono kwenye simu, na sheria yao kuu ni kwamba hakuna anayeruhusiwa kumuua shujaa wa mwenzake bila idhini ya mwenyewe. Shujaa wa Kimya aliitwa Mdakaji, mtu anayedaka kila kinachoanguka, watoto, mabasi, hata ghorofa zima, na mwezi Mei mwenyewe alitoa idhini, akaomba Mdakaji apewe moyo unaodhoofika, aende taratibu.

Daktari alithibitisha kwamba tangu Mei marehemu alijua hali ya moyo wake. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini inauma kuona wageni waliambiwa, japo kwa hadithi, kabla ya ndugu.

Katika hadithi yao ilibaki sehemu moja haijakamilika, ambayo Mdakaji anamweleza mkewe kuwa anakufa, na maneno ya mke huyo aliyaandika mwenye ile sauti nzito, fundi wa friji, yule pale mwenye kipara na ndevu. Shemeji aliisoma sehemu hiyo, mke wa kwenye hadithi akilia na kujigaragaza, akairudisha simu na kusema, "Mimi sisemi hivi." Fundi wa friji akainamisha kichwa, akajibu, "Ndivyo alivyokuwa akituambia. Kila nilichoandika alikikataa, anasema mke wangu hasemi hivi. Jumamosi akasema tuache, Jumapili baada ya chai atamwambia mwenyewe." Kaka mkubwa hakuamini, kwani anayetunga mashujaa hashindwi kutunga faraja, akaidai simu, akakagua ujumbe, jina, tarehe na saa, akakuta ni halali.

Familia inawashukuru madaktari waliomhudumia, majirani mliopika na kulala nasi, mafundi wenzake mliombeba mabegani, na ninyi wa viti vya nyuma, ambao bado tunawachunguza, lakini sogeeni mbele, mmefiwa pia.

Mwisho, shemeji ameomba jibu lake lisomwe kama alivyolitoa, kwa kuwa ni lake, na hakuna mwingine mwenye idhini ya kuliandika: "Baba watoto, sikuiamini ile gesi yako hata siku moja. Nilikuwa naona unavyosimama katikati ya ngazi ukijifanya unatafuta funguo. Mimi, na uongeaji wangu wote huu, nilinyamaza, nikasema nitangoja uanze wewe. Ungeanza tu, mume wangu. Basi pumzika, na iwe kwa amani."