Kamera ya Mlango wa Stoo

Fundi aliingia ndani ya basi na furushi la nyaya kuukuu, akaketi kando ya mwanamke wa makamo. Hakungoja kuulizwa, mafundi waliomaliza kazi vizuri huwa hawangoji.

"Nimezing'oa zote leo, mama. Ile ofisi ya bima juu ya duka la dawa. Printa, kamera, kila kitu sasa ni waifai."

Mwanamke aliacha kutazama dirishani. Ofisi hiyo huisafisha yeye. "Hata ile kamera ya mlango wa stoo, mwanangu? Si ilikufa?"

"Wapi. Panya walitafuna waya wa picha tu. Nimeifungia kidude, sasa inaona kuliko zote."

Kamera ile ilikuwa kipofu, ndiyo maana jana mwanamke alimficha mdogo wake wa kike stoo, ili mume wa huyo mdogo, aliyeapa kummaliza, asimpate. Alimwambia akae kimya watu wakiwepo, wakiondoka atoke anyooshe miguu. Na fundi ndiye aliyekuwa mtu wa mwisho kuondoka.

"Picha zenyewe zinakwenda wapi?" aliuliza, huku akijipapasa kutafuta simu.

"Kwenye simu. Bosi mwenyewe mambo haya yanampiga chenga, kasema nimuunganishie dereva wake. Kijana mpole yule, kanishukuru mpaka nikaona haya."

Mdogo wake ameolewa na dereva huyo.

"Shusha," alisema mwanamke, lakini kondakta hakumsikia, na basi likapita kituo.