Mrija Nisiomwachia Abner

Sogea, Abner, mwanangu wa kwanza. Nawe Drusilla uache mlango wazi, kwa kuwa nataka Ogari, mwana wa baba yangu mdogo, aliyeketi uani na chungu chake cha pombe, anisikie bila kutega sikio.

Shamba la chai la juu, linalotazama Ekerenyo, ni la Abner. Migomba na nyumba hii ni ya Drusilla, wala asije mtu akasema binti hana kwao, maana aliyenilisha uji kwa kijiko miezi hii yote ni yeye. Ng'ombe mgawane bila kununiana. Hayo ni mepesi; zito ni hilo lililotundikwa ukutani juu ya kichwa changu.

Mrija huo wa kunywea pombe baba aliniwekea mkononi alipolala kama nilivyolala mimi, na pamoja nao akaniachia kiti cha kwanza penye chungu. Mmekua mkijua kwamba katika ukoo wetu ugomvi hauishi kwa maneno: mpaka mwenye mrija huo avute wa kwanza, na waliokosana wavute baada yake, kinyongo hubaki hai. Nimevuta kule Magwagwa, nimevuta kule Birongo, nimevuta kwa ajili ya watu waliokatana mapanga kwa sababu ya kuku. Niliona nimeheshimiwa, kumbe nimefungwa.

Kisha daktari akaniambia damu yangu imejaa mafuta, akanipa vidonge vya kila jioni, akaniuliza kama ninakunywa. Nikamjibu, "Sinywi, daktari. Ninapatanisha." Akacheka, halafu akaacha kucheka. Akasema ini ndilo linalopokea dawa na ndilo linalopokea pombe, na nikizidi kulitwika yote mawili litachoka ningali nina kazi nalo. Maneno hayo nikayapeleka penye chungu. Ogari, unakumbuka ulivyonijibu siku hizo, kabla hatujakosana? "Omogaka, mzee wetu, dawa ni ya mafuta, pombe ni ya watu, zitagombania nini?" Wazee wakacheka hadi mirija ikawatoka midomoni, kisha mmoja akasema, taratibu, kwamba anayekataa kuvuta ana lake moyoni. Ningekataa, watu wangerudi makwao na mapanga yao. Nilikubali, nikarudi kwangu na tumbo hili lililojaa maji na macho haya ya manjano. Mlango wa tatu niliutafuta, sikuuona.

Abner, ulipimwa mwaka jana, na damu yako ni damu yangu. Vidonge unavyo, usiviogope, wala usiviruke siku ya sherehe ukidhani umeidanganya pombe. Lakini leo Ogari ameleta chungu ili tuumalize ule ugomvi wa mpaka wa mashamba yetu, uliotufanya tusihudhurie hata mazishi ya nyumbani kwa mwenzetu. Nikifa kabla hatujavuta, mrija unashuka kwako, na hakuna atakayekuuliza habari za ini. Nikiuvunja sasa, nakuachia ugomvi. Nikikuachia mrija, nakuachia kitanda hiki.

Basi ingia, Ogari. Mpaka na uwe kijito chenyewe, na mikaratusi ya ng'ambo iwe yako. Drusilla, ushushe mrija. Usinitazame hivyo, mwanangu. Daktari amesema ini hili haliwezi tena kuokolewa, kwa hiyo pombe haina cha kuninyang'anya. Nitavuta wa kwanza, Ogari wa pili, na wewe Abner utakaa mikono yako ikiwa magotini. Kisha Ogari mwenyewe auvunje mrija mbele ya watu, asiwepo wa kusema mwanangu alikimbia. Watakaokosana kesho wapatane kwa uji wa wimbi katika chungu hiki hiki, na wakisema uji hauna nguvu, waleteni kaburini kwangu, waione nguvu waliyokuwa wakiitaka.

Niinue kichwa, Drusilla... polepole. Nyasae, Mungu wetu, awalinde. Watoto wenu wavuke kijito... na wa Ogari wavuke... waitane kwa majina yao. Ogari, sogeza chungu, mkono haufiki.

Ngoja. Abner kwanza. Toa kidonge chako, ukimeze hapa... nikikuona.

Kwa maji, mwanangu. Kwa maji.