Kofia ya Mtutu wa Gitau

Pale Auburn, jijini Sydney, hatua chache kutoka stesheni ya treni, mbele ya duka la nyama halali, kuna benchi ambalo mwenye duka aliliweka kwa ajili ya wateja. Wateja walishakata tamaa nalo. Kila Jumamosi asubuhi lina wenyewe. Upande wa ukutani hukaa Méthode, Mrundi anayeendesha folklifti kwenye ghala moja Ingleburn. Kwa kuwa kahawa ni yake na chupa ni yake, hakuna aliyempinga alipojiita Profesa. Katikati ni Bahizire, Mkongo wa Bukavu, dereva wa malori ya makontena ya Port Botany, ambaye kijiweni ni Injinia. Na pembeni, nusu ya makalio ikiwa hewani, hukaa Clifford, Mkenya wa ofisini aliyesoma sheria mihula miwili akabaki na jina la Wakili. Jumamosi hiyo Gitau alichelewa. Yeye ni nesi wa nyumba ya wazee, kwa hiyo wanamwita Daktari, na alifika viganja vyote viwili vikiwa vimebandikwa plasta.

— Daktari, umepigana na mgonjwa? aliuliza Clifford.

— Nimepigana na chuma, maze.

Akawasimulia. Wote walijua kwamba mwaka uliopita Gitau alijiunga na klabu ya kulenga shabaha, akafanya mafunzo, akajaza fomu, akasubiri leseni miezi mpaka akasahau alikuwa anasubiri nini. Jumamosi ijayo yalikuwa mashindano yake ya kwanza, na kwa furaha alikuwa ameshayatangaza kanisani, mbele ya kwaya nzima. Sasa bastola aliifungia mtutu mpya, na mtutu ule ulikuja na kipande cha chuma kwenye ncha yake, kama kofia, kilichofungwa kwa skrubu. Kazi yake ni kuizuia bastola isiruke mkononi. Mkaguzi wa klabu alikiona akatikisa kichwa: kundi la wanaoanza haliruhusiwi kofia. Itoke, au Gitau asishindane.

— Na haitoki, alisema Gitau. Siku kumi na mbili nazungusha. Nimeshika na kitambaa, nimeshika na mpira, nimeshika na maombi.

— Hebu tuione, alisema Méthode.

— Bastola iko kwenye sefu, buda. Sheria za hapa unazijua. Nina picha.

Simu ikapita mkono kwa mkono. Picha ilikuwa na giza, na kidole cha Gitau kilikuwa kimeziba nusu. Haikumzuia mtu.

— Bon, hiyo iko kazi ndogo, alisema Bahizire. Kule bandarini, pini ya kontena ikikataa, tunaipasha moto. Chuma ikisikia joto inalegea. Chemsha maji, tia mtutu ndani. Wahenga walisema maji ya moto hayachomi nyumba.

— Methali hiyo haihusu kuchemsha bastola, alisema Clifford.

— Inahusu maji ya moto. Maji ya moto ni maji ya moto.

Méthode alimmiminia Gitau kahawa, taratibu, kama mtu anayempa mgonjwa muda wa kujiandaa kwa habari mbaya.

— Joto linavimbisha, alisema. Wewe mwenyewe, Injinia, ukikaa juani viatu vinakubana. Dawa ni baridi. Chuma kikipata baridi kinasinyaa, kofia inabaki kubwa, inadondoka yenyewe. Muombe huyu mwenye duka, friza lake limejaa mbuzi. Mtutu ulale humo siku tatu.

— Kati ya mbuzi?

— Mbuzi hawatausumbua.

Gitau aligeuka akamtazama mwenye duka kupitia kioo. Alikuwa akinoa kisu. Gitau akaamua kutomuuliza.

— Nyote mnakosea tangu mwanzo, alisema Clifford, akijivuta mpaka kalio la pili nalo likapata benchi. Mnasema kimekwama. Kimekwama au kimekataa? Kisheria hivyo ni vitu viwili. Kilichokwama hakina kosa. Kilichokataa kinapewa notisi.

— Nikiandikie barua kipande cha chuma?

— Umwandikie aliyekitengeneza. Siku ishirini na nane ajibu.

— Mashindano ni wiki ijayo, Wakili.

— Mvumilivu hula mbivu.

Bahizire alicheka hadi kahawa ikamwagika. Méthode hakucheka. Alikuwa anafikiri, na Méthode akifikiri mambo huwa mabaya zaidi.

— Ngoma, alisema.

— Ngoma gani?

— Ghalani folklifti yangu ilikuwa inatetemeka. Mwezi mmoja tu, skrubu zote za kiti zilitoka, nikakaa chini nikiwa naendesha. Mtetemo ndio unafungua. Kanisani kwenu kuna ngoma. Weka mtutu juu yake, kwaya iimbe nyimbo sita.

— Nane, alisema Bahizire. Huo mtutu ni mupya, kichwa yake ngumu. Na mufunge kamba kwa kofia, kamba kwa lori yangu, mtutu kwa mti. Samaki mkunje angali mbichi.

Gitau alikunywa kahawa yake. Alikuwa amekuja akiwa na tatizo moja, na sasa alikuwa na mbuzi, barua, kwaya na lori. Kilichomuuma ni kwamba lori lilianza kumwingia akilini.

Hapo akatokea Léocadie, shemeji yake Bahizire, aliyehamia Sydney wiki tatu tu zilizopita, amekuja kuchukua ufunguo wa nyumba. Wakampa salamu, wakampa kahawa, na kabla hajaomba ufunguo wakampa simu aitazame picha. Bahizire akamweleza yote kuanzia kontena.

Léocadie aliitazama picha kwa makini.

— Samahani, baba, alimwambia Gitau. Ulikuwa unazungusha upande gani?

— Upande wa kufungua.

— Ndiyo. Upande gani?

Gitau aliinua mkono wenye plasta, akauzungusha hewani, akasita, akauzungusha kinyume.

— Kushoto, alisema Clifford. Kila kitu kinafunguliwa kushoto.

— Kushoto ukiangalia toka mbele, ao toka nyuma? aliuliza Bahizire.

— Na kama kimetengenezwa kinyume? Ziko skrubu za hivyo, kwenye folklifti nimeziona, alisema Méthode, kisha akajutia kusema.

Wanaume wanne walisimama mbele ya duka la nyama wakizungusha mikono hewani, kila mmoja upande wake, na watu waliotoka kwenye treni wakawapisha. Jibu halikupatikana. Léocadie aliuchukua ufunguo mfukoni mwa shemeji yake, akaaga kwa adabu, akaenda.

Jumatano Gitau aliupeleka mtutu kwa fundi wa klabu. Fundi aliubana mtutu katikati ya vipande viwili vya mbao, akaizungusha kofia upande ambao watu hufungia chupa, na baada ya kugoma kidogo ikatoka. Ilitengenezwa kinyume. Siku kumi na mbili Gitau alikuwa akiikaza, kwa nguvu zake zote na kwa jina la Bwana.

Jumamosi mkaguzi aliutazama mtutu, akamwashiria apite. Gitau alilenga, akafyatua, na karatasi yake ilipata matundu, mengine hata karibu na katikati. Matokeo yalipobandikwa aliyasoma mara mbili, furaha ikamjaa moyoni, akawaandikia wenzake wa benchi: "Nimekuwa wa kumi na saba."

Méthode akatuma pongezi. Bahizire akatuma bendera, ya Kongo. Clifford akauliza: "Kati ya wangapi?"

Gitau aliizima simu, akaenda kupanga foleni ya soseji zilizokuwa zikichomwa nje ya klabu.