Bi. Ndinda na Laini ya Moshi

Bi. Ndinda Muthama anastaafu leo, Alhamisi, tarehe 30 Juni 1994, baada ya miaka thelathini kwenye chumba cha simu hapa Emali.

Alikuja kutoka Nuu mwaka wa 1964 akiwa na viatu vya kuazima. Wateja waliijua sauti yake kabla ya uso wake, na wachungaji walimpigia awakumbushe namba za waumini wao. Sisi aliotufunza tunaujua pia ukali wake: chai haikukaribia ubao wa kuunganishia simu, hata ya meneja.

Lakini kumbukeni 1977. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, wakubwa wakagombania ndege na mabehewa kama ndugu wanaogombania shamba la marehemu, na mpaka wetu na Tanzania ukafungwa. Hakuna aliyemuuliza Kaluki wa Kasikeu. Mumewe Muli, fundi wa reli, alikuwa Moshi, Tanzania, pamoja na binti yao Mbinya, wa miaka minne, na vibali vyao vya kurudi vilikwama. Amri ikaja kutoka juu: mteja yeyote asizungumze na Tanzania.

Bi. Ndinda alifungua kitabu cha kazi. Kanuni moja haikuwa imefutwa: kila laini ipimwe kila asubuhi, mtu wa upande wa pili akihesabu moja hadi kumi. Kitabu hakikusema mtu huyo awe nani. Akapatana na Bi. Anaeli, mwenzake wa Moshi ambaye hajawahi kuonana naye. Kila Alhamisi Muli alimleta Mbinya kupima laini, na huku Kaluki alisikiliza kimya, leso mdomoni. Alhamisi ya kwanza mtoto aliishia sita.

Mkaguzi alipouliza mama huyu anafanya nini na simu ya serikali, Bi. Ndinda alimjibu, "Anapima laini, mkubwa. Leo imefika tisa." Mkaguzi, naye mzazi, aliandika kwamba laini inaendelea vizuri.

Familia ile ilikutana baada ya miezi kumi na minne. Wanasiasa wanaotaka sifa ya kuufungua mpaka, wachukue. Sisi tunamjua aliyekataa ufungwe kabisa.

Leo saa mbili asubuhi alipima laini ya Moshi kwa mara ya mwisho. Mbinya, sasa mwalimu, alikuwa amesafiri jana hadi Moshi bila kumwambia. Ndiye aliyehesabu, polepole. Alipofika sita akanyamaza, na Bi. Ndinda akamalizia zilizobaki.

Asante, mama. Nenda Nuu ukapumzike vyema. Laini ni nzima.