Mpira Usiopita Bombani

Benchi la mbele ya duka la fundi cherehani lilikuwa na miguu mitatu na tofali, na kila alasiri wazee watatu walilikalia kama mahakama. Siku hiyo kesi ilikuwa ya binti wa fundi mwenyewe, aliyepata nafasi ya kusomea ng'ambo jiometria ya simplektiki. Fomu ilitaka sahihi ya baba kabla ofisi haijafungwa saa kumi. Baba, waliyemwita Kifungo, alikuwa ameiweka chini ya kikombe chake cha kahawa, na binti alisimama akitazama doa linavyolisogelea jina lake.

Mhuri, karani mstaafu, alishatoa hukumu kwamba “simplektiki” ni jina la dawa ya kikohozi.

— Hebu rudia, alisema Bomba, fundi wa mabomba.

Binti akarudia mara ya tatu. Kitu kinachokwenda kina mahali kilipo na kina mwendo wake, na hivyo viwili hupimwa pamoja: ukibana kimoja, mwenzake hutanuka. Ndiyo maana, katika hesabu hiyo, mpira hauingii kwenye bomba jembamba kuliko wenyewe, hata bomba liwe refu lisilo na mwisho.

— Miaka thelathini napitisha pipa zima la maji kwenye bomba la kidole. Haba na haba hujaza kibaba.

— Maji hutunza ujazo wake tu, umbo hubadilika, baba mdogo. Hapa sheria ni kali zaidi.

— Kali kuliko maji, Bomba akawaambia wenzake. Mmesikia wenyewe.

Akaona njama: huko watamfundisha binti kuziba mabomba ya mji mzima. Mhuri akaona kubwa zaidi, kuziba mishipa ya damu ya watu.

— Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Jiulizeni, huko wanaumwa nini?

Kifungo alitikisa kichwa polepole. Binti, aliyezoea kunyamazisha ukumbi mzima chuoni, alimeza maneno yake, maana hapa hoja ilianza na shikamoo na kuishia hapo.

Muuguzi mmoja, aliyefuata gauni lake, alikuwa akisikiliza mlangoni.

— Na kaka yake, aliyekwenda mwaka juzi, anasomea nini?

Bomba akamtazama Mhuri. Mhuri akatazama ndani ya kikombe chake. Fomu ya kijana huyo, Kifungo alikuwa ameisaini akiwa wima, pasi ya moto mkononi, bila kuisoma.

Akakinyanyua kikombe. Akavuta kitambaa cha karibu, akapangusa lile doa. Kilikuwa gauni la muuguzi.

— Leta kalamu, mwanangu.